Chawa wa Oosterzijl

Oosterzijl, 2 Mei 1987

Mwanangu Hilda,

Pokeeni salamu nyingi, wewe na mkwe wangu wa shida, yaani mume wako Wiebe. Kifua chake kimepona? Nyie huko majini kwenye meli yenu ya mizigo mnalala na unyevu halafu mnashangaa mnakohoa. Sisi huku hatujambo. Marrit wako anakula vizuri, na tangu mumrudishe baada ya Pasaka hataki kulala chumba cha juu, analala kwangu ananipiga mateke. Mimi mzima pia, ila kichwa kinaniwasha. Ni sabuni ile mpya ya kijani, usininunulie tena.

Shuleni majira ya kuchipua yamefika kwa kishindo. Mwalimu mkuu Douma ameweka mayai ya bata ndani ya boksi lenye taa, na darasa la Marrit linapokezana kuyageuza. Wamepanda figili kando ya ukuta. Na matembezi ya jioni yanakaribia, zile jioni nne za mwanzo wa Juni watoto wanapotembea wawili wawili. Marrit ameshanidai limau lake na pipi ya mnanaa ya kuchomeka katikati, utadhani mtu anatembea ili apate kunyonya limau.

Sasa habari yenyewe: tumepata chawa! Kama kawaida, likizo ikiisha sisi akina mama wa kitana tunakaa pale ukumbini, watoto wanakuja mmoja mmoja. Unajua sheria yetu, tunachokiona kichwani mwa mtoto anaambiwa mwalimu mkuu peke yake. Nikamkuta nao Chantal, yule binti wa Ria Bosch, mama aliyehamia kutoka mjini bila mume, wanakaa zile nyumba za nyuma ya kiwanda cha maziwa. Ana msuko mrefu mpaka kiunoni, na ndani yake wamejaa.

Mimi sikumtaja mtu. Jumamosi iliyopita dukani kwa Veenstra, kwenye foleni ya mkate, Sjoukje, mwenzangu wa kitana, aliniuliza mbele ya watu wote, "Haya Trijn, ni nani?" Nikainua nyusi tu kuelekea kiwanda cha maziwa. Nyusi zinasema? Wakacheka, yakaisha. Ila nimemwomba mwalimu ambadilishie Marrit mwenzake wa kutembea, kwa sababu alikuwa ashikane mkono na huyo Chantal.

Nisalimie Wiebe, mwambie ajifunike shingo.

Mama yako

*

Duisburg, 8 Mei 1987

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo kwa mwenye duka la mabaharia hapa bandarini. Kifua cha Wiebe kimepona, asante. Tunasubiri kupakua mahindi. Natumaini hamjambo, wewe na Marrit wangu.

Mama, nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa chini. Nina jambo la kukwambia na naona aibu hata kulishikia kalamu.

Mimi nina chawa. Wiebe naye. Tuliwapata kabla ya Pasaka, kutoka kwa yule kijana tuliyemchukua msimu huu kusaidia kazi za meli. Wiebe amenyoa kichwa chote. Marrit alipokuja likizo alilala katikati yetu kila siku. Nilimchana kabla hajarudi, nikajipa moyo kwamba hana, lakini sikuwa na kitana kizuri na taa ya chumba chetu unaijua.

Kwa nini sikukwambia? Niliogopa mdomo wako, mama, nisamehe kwa kusema hivyo. Siku ya harusi yangu ulimwuliza mama yake Wiebe, mbele ya mchungaji, kama watu wa meli wanaoga mtoni au wanasubiri mvua. Nikawaza, akina mama wa kitana watamwona Marrit, mama atamsafisha kimya kimya, na mimi sitatajwa.

Sasa niambie. Siku ile shuleni, nani alimchana Marrit?

Binti yako, Hilda

*

Oosterzijl, 13 Mei 1987

Mwanangu,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Sisi tunaendelea.

Hakuna aliyemchana. Tuna desturi kwamba mtu hachani wa kwake, wa kwake anachanwa na mwenzake. Sjoukje alipofika kwa Marrit nikamwambia, "Huyo wangu mruke, mbona ni msafi." Akamruka. Nani angebishana na mimi?

Nilipomaliza kusoma barua yako nilimwita Marrit mezani, nikatandika taulo jeupe, nikachana. Hilda, sitakuandikia nilichokiona. Marrit akauliza, "Bibi, ni kama wa Chantal?" Nikamwambia anyamaze. Kisha nikamwuliza walikuwa wakicheza nini wao wawili, akasema tangu likizo iishe walikuwa wanasukana kila mapumziko, na walikuwa wanabadilishana kofia. Unaona ilivyokwenda. Wametoka kwetu, wakaenda kwake.

Na kuna jingine. Juma lililopita Chantal alikuja shuleni amekatwa nywele zote. Msuko haupo. Mama yake alizikata kwa mkasi wa jikoni, upande mmoja mfupi kuliko mwingine, na masikio yamejitokeza. Watoto wanamwita kuku aliyenyonyolewa. Wakipanga mstari hakuna anayetaka kumshika mkono. Mwalimu Douma anamshika yeye mwenyewe.

Nimechemsha mashuka yote. Nimechemsha hadi kofia yako ya utotoni ambayo haijavaliwa na mtu. Marrit ni safi sasa, nimemchana tena na tena. Kwa hiyo jambo limekwisha, na usiniandikie kwamba niende kwa watu. Nywele huota.

Vifaranga wa bata wametotolewa. Wamewapa majina ya wachezaji mpira.

Mama yako

*

Strasbourg, 17 Mei 1987

Mama,

Shikamoo. Tu wazima, na safi.

Halijakwisha. Mimi ndiye chanzo, wala sijifichi nyuma yako. Ningekwambia mapema, usingesema "mruke", na yule mtoto angekuwa na msuko wake. Nimeanza barua kwa Ria Bosch nikaichana, nikaanza tena nikaichana. Nitamwambia nini mtu nisiyemjua, kutoka kwenye meli iliyoko Ufaransa? Wewe unakaa umbali wa kutembea hata bila koti.

Unakumbuka nilipovunja kioo cha mzee Hoekstra? Nilikuwa na miaka sita. Ulinishika mkono ukanipeleka mlangoni kwake, nikalia njia nzima na hukunihurumia. Ulisema, "Utabisha hodi wewe, mimi mkono wangu haujavunja kitu." Mama, safari hii mkono ni wako.

Nenda.

Hilda

*

Oosterzijl, 24 Mei 1987

Hilda,

Umzima? Mimi silali vizuri.

Nilikwenda. Nilibeba keki. Ria alifungua mlango akiwa na aproni ya kiwandani, akaiangalia keki, hakuipokea. Nikamwambia yote pale kizingitini, kwamba chawa walitoka kwa mjukuu wangu, kwamba sikumchana, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Aliniacha nikamaliza. Kisha akauliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Nimekuja kwako kwanza."

"Mimi nilikuwa najua kwamba hawakutoka kwangu. Wasiojua ni wenzako. Ulinisemea dukani, bibi. Kasemee huko huko."

Nikamwambia, "Sikukusema. Niliinua nyusi tu."

Mwanangu, natamani ardhi ingenimeza na keki yangu. Nilijisikia nikilisema lile neno, na halikuweza kurudi. Ria alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mwongo, wala hakukasirika. Akasema, "Basi leo ufungue mdomo," akafunga mlango taratibu. Nyuma yake nilimwona Chantal amekaa kwenye ngazi. Shingo yake nyembamba, sikuwahi kuiona kwa sababu ya msuko.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda kwa Veenstra nikasimama kwenye foleni. Sjoukje alikuwepo, mke wa mchungaji alikuwepo. Nilijiandaa njia nzima. Zamu yangu ilipofika Veenstra akaniuliza, "Na wewe Trijn, nikupe nini?" Nikasema mkate wa asali. Mkate wa asali siupendi. Nikaulipia nikatoka.

Miaka yote watu wa hapa wamekuwa wakiniletea watoto wao niwachane, kwa sababu mimi ni Trijn. Nikilisema lile, nitakuwa nani? Unaweza kunicheka.

Marrit amesema hatembei kama hatembei na Chantal. Na Ria amemwambia mwalimu kwamba Chantal hatembei kabisa.

Mama yako

*

Basel, 27 Mei 1987

Mama,

Shikamoo. Sikucheki. Nimelia hapa jikoni hadi Wiebe akadhani kuna msiba.

Tunapakia changarawe, hatutafika huko kabla ya matembezi kuanza. Ningeweza ningekuja tukasimama wote kwenye ile foleni. Mkate wa asali unauzwa kila Jumamosi. Ukisema, nitaje na mimi kwa jina. Sema Hilda wa meli ndiye aliyewaleta.

Binti yako anayekupenda, Hilda

*

Oosterzijl, 6 Juni 1987

Mwanangu Hilda,

Salamu kutoka nyumba yenye harufu ya siki, maana tunaoshea nywele siki siku hizi. Tu wazima wote. Matembezi yameisha jana. Marrit amechubuka kisigino, amenyonya malimau hadi ulimi umepauka, na shingoni alivishwa maua mengi ya pongezi akawa haoni njia. Nitakueleza, ila nianzie nilipoachia.

Jumamosi ile nilikwenda tena kwa Veenstra. Foleni ilifika mpaka mlangoni. Sikusubiri zamu yangu, kwa sababu nilijua nikifika mbele nitaomba mkate wa asali. Nikasema nikiwa pale pale nyuma, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka: "Chawa wa shule walitoka kwangu. Marrit ndiye aliyewaleta kutoka melini, Hilda alikuwa nao, na mimi nilimzuia Sjoukje asimchane. Chantal wa Ria aliambukizwa na sisi. Nami nikawaacha mseme ni yeye."

Nimekutaja kama ulivyotaka.

Veenstra alikuwa anakata jibini, akaendelea kukata hadi kipande kikawa kikubwa kuliko alichoombwa. Mke wa mchungaji akatazama viatu vyake. Mwishowe Sjoukje akasema, "Sasa mimi niliyemruka ninaonekanaje?" Nikamwambia, "Unaonekana kama mtu aliyenisikiliza." Nikatoka bila mkate. Uso uliniwaka mpaka nyumbani, na nilipofika niliketi na koti langu sikuwasha hata jiko. Wewe uliniambia niende na nikaenda, lakini usidhani nilijisikia mwepesi baadaye. Niliona aibu, na bado naiona. Jumatatu nilimrudishia mwalimu Douma kitana cha shule. Hakunizuia.

Jioni hiyo hiyo ya Jumatatu mlango ukagongwa. Ria, na Chantal nyuma yake. Sikuwa na keki safari hii. Ria akasema, "Nimesikia. Nimesikia kutoka kwa watu sita, na kila mmoja anasimulia kwa namna yake." Akanitazama, mkono wangu ulikuwa kichwani, najikuna.

"Na wewe," akasema, "nani anakuchana?"

Nikamwambia ni sabuni ya kijani.

"Mtoto analala wapi?"

Hilda, mwezi mzima na zaidi nachana vichwa vya watoto wa watu, nachemsha kofia, na mtoto analala kichwa chake kwenye mto wangu. Sikuwaza hata mara moja. Trijn anaweza kuwa na chawa? Nikakaa kwenye kiti cha jikoni.

Ria akavua koti. Hakuuliza kitana kiko wapi, alikuja nacho mfukoni mwake. Akaniwekea taulo jeupe begani, akafungua kibanio changu cha nywele. Wewe unajua hakuna mtu aliyenigusa nywele tangu baba yako afariki. Alichana polepole, kutoka utosini, na kila alipopata kitu alikifuta kwenye taulo ili nikione. Nilikiona kila kimoja.

Marrit na Chantal walisimama kando ya meza wakitazama kama wanavyowatazama wale bata. Wakanong'onezana, kisha Marrit akamwuliza Ria kama Chantal anaweza kutembea kesho. Ria akasema tutaona. Ndiyo hivyo, walitembea jioni zote nne, wameshikana mikono, na hiyo nilishakusimulia nusu.

Lakini pale jikoni Chantal alisogea karibu, akazitazama mvi zangu zilizoning'inia mpaka mgongoni. Akauliza, "Mama, na za bibi utazikata?"

Kitana kikasimama. Nilimsikia Ria akipumua juu ya kichwa changu.

"Hapana," akasema. "Hilo kosa nimeshalifanya."

Nilijifunika uso kwa ncha ya taulo, chawa na yote. Yeye akaendelea kuchana.

Njoo mkishapakua. Njoo na Wiebe, na mama yake pia kama yupo melini. Nina neno la kumwambia kuhusu ile harusi.

Mama yako