Moto Ambao Mama Hakuuwasha

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA WATOTO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto
Umri: miaka 16
Kazi: mwanafunzi, kidato cha tatu
Makazi: nyumba za nyuma ya karakana ya matairi, mlango wa mwisho
Aliyeambatana naye: shangazi yake, dada wa baba
Tarehe: Jumatatu, tarehe 23, saa 4 asubuhi

Nimeomba niandike kwa mkono wangu kwa sababu nikiongea mbele ya watu wazima sauti hunikauka. Afisa amekubali. Amesema niandike kama ninavyoongea, ila nisiruke kitu.

Mama yangu yuko mahabusu ya kituo hiki tangu Ijumaa, akidaiwa kumchoma mdogo wangu, Dereva, kwa pasi. Nimekuja kueleza kwamba hakumchoma.

Mama ni fundi cherehani na anashonea nyumbani, chumba cha mbele. Baba anafanya kazi kwenye kampuni inayokagua mabomba makubwa ya mafuta. Anapiga picha mahali palipochomelewa, kama wanavyopiga mfupa hospitalini, ili ufa wa ndani uonekane. Shuleni wakisikia baba yangu ni mpiga picha huniuliza kama anapiga na harusi. Wenzake wanamwita Studio.

Mashine yake haina taa. Ina kipande cha chuma kidogo kama punje ya mchele, kinachotoa mionzi muda wote, hakizimwi. Hukaa ndani ya sanduku zito. Wakati wa kupiga picha husukumwa kwa waya, kinapita ndani ya mpira mrefu mpaka kwenye bomba, kisha huvutwa kurudi. Mionzi yenyewe haina harufu, haina joto, haisikiki. Haya nayajua kwa sababu vitabu vya kazi yake vimeandikwa kwa Kiingereza, na mimi ndiye ninayemsomea.

Baba ana beji ya filamu ya kuvaa kifuani. Kila mwezi inapimwa, na ikikutwa imekuwa nyeusi mno kwa mionzi mfanyakazi anapumzishwa. Kwa hiyo yeye na wenzake huziacha nyumbani. Ya baba hutundikwa kwenye msumari juu ya cherehani. Mama aliwahi kumwambia, "Baba Dereva, hiyo beji inamlinda nani, ukuta?" Baba akacheka. "Inalinda kazi, mke wangu."

Mnamo tarehe 6, Ijumaa, jioni, baba alirudi na ule mpira begani, umekunjwa mviringo. Alisema umebonyea, waya unakwama, ataupeleka karakana Jumatatu. Nilimuuliza kama waliupima. Akasema mashine ya kupimia mionzi imeisha betri, "lakini waya umerudi wote, mwanangu, nimeuvuta mwenyewe." Akausukuma chini ya meza ya mama. Jumapili gari la kampuni likaja kumchukua ghafla, likampeleka kambi ya mbali ambako simu haishiki. Mpira ukabaki.

Mdogo wangu ana miaka mitano. Dereva ni jina lake la utani. Wiki ile aliuvuta ule mpira akaugeuza kiti cha gari lake. Alikuwa amevaa kaptura, anakalia mviringo wake, mkononi ana mfuniko wa sufuria. Nilikuwa nikirudi shule nawasikia toka nje.

"Mama, funga mkanda!"

"Nimefunga, dereva. Punguza mwendo, abiria wako ni mzee."

Kuanzia Jumanne tarehe 10 mama alianza kutapika na kuchoka. Shangazi alikuja akamtania, "Wifi, huyo wa tatu unamficha hata sisi?" Mama alicheka huku ameikumbatia ndoo.

Jumamosi tarehe 14 niliona wekundu kwenye paja la Dereva, mstari uliopinda. Mama akampaka mafuta. Jumatano tarehe 18 palikuwa pametoa malengelenge, na mtoto alikuwa analia hata shuka likimgusa. Tukampeleka hospitali.

Daktari hakuwa mkali. Alitazama kidonda muda mrefu, akasema mtoto hachomeki hivi kwa bahati mbaya, kwamba ukingo huu ni wa kitu cha moto kilichowekwa kikatulizwa. Akauliza nyumbani tunatumia nini. Mama akasema, "Pasi. Mimi ni fundi." Shangazi, aliyekaa hapa pembeni yangu sasa hivi, aliongeza kwamba wifi yake ana hasira za karibu. Dereva alipoulizwa nani kamchoma alijibu, "Hakuna." Walisema amefundishwa. Ijumaa tarehe 20 polisi wakaja wodini wakaondoka na mama. Alikuwa hawezi kutembea sawasawa. Mtu mmoja kwenye foleni alisema ni aibu hiyo inayomlegeza miguu.

Naomba na hili liandikwe, ingawa shangazi anasoma begani kwangu. Mimi pia niliamini. Mstari ule ulikuwa kama ncha ya pasi kabisa. Pale wodini mama aliponiangalia, akingoja niseme chochote, niliangalia mikono yake. Naye aliona ninachoangalia.

Tangu Jumatano mimi nalala hospitali na Dereva, sijafika nyumbani. Leo saa 2 asubuhi nilipigiwa simu na Anko Filamu. Huyu ni mfanyakazi mwenzake baba, ndiye anayesafisha filamu ofisini, na ndiye aliyepita kuichukua beji kwa mama wiki iliyopita. Hakunisalimia.

"Beji ya Studio ilikuwa wapi mwezi huu?"

"Ukutani, Anko. Hapo hapo siku zote."

Akasema beji imetoka nyeusi tii, na picha zote alizoleta dereva wa kampuni kutoka kambini zimetoka tupu. Kambini wanapiga picha na sanduku lisilo na kitu. Ile punje ilikatika kwenye waya ikabaki ndani ya mpira. Alisema punje hiyo imeshapungua nguvu, karibu ibadilishwe, ingekuwa mpya tusingekuwa tunaongea. Akaniambia nisikanyage nyumbani, yeye anaenda na mashine ya kupimia.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitabu chetu cha fizikia. Kina ukurasa mmoja kuhusu watu wa kwanza walioijua mionzi, miaka zaidi ya mia iliyopita. Walitembea nayo mifukoni kama pipi. Ngozi iliwawiva siku nyingi baadaye, hata wameshasahau. Wengine walikatwa vidole. Wasichana wa kiwandani waliopaka saa rangi inayong'aa gizani walichonga brashi kwa midomo, mifupa ya taya ikawaoza. Mwalimu alisema tuuruke, hautoki kwenye mtihani. Mimi niliusoma. Pasi inachoma leo na malengelenge yanatoka leo. Kidonda cha Dereva kilichukua wiki nzima kujitokeza. Na pasi haimtapishi aliyeishika.

Nimemwambia daktari hivyo hivyo. Amempima Dereva damu upya, akaniambia nikimbie hapa. Amesema pia niwaambie watu Dereva haambukizi. Mionzi ilimpita, haikubaki ndani yake.

Ninaomba mama apelekwe hospitali leo, na mtu yeyote asiingie nyumbani kwetu mpaka wataalamu wautoe ule mpira.

Nikiulizwa na afisa kama nina uhakika mpira uko nyumbani, ninajibu ndiyo, chini ya meza.

Hapa simu imeita, nimeruhusiwa kuipokea kwa sauti ya wazi. Ni Anko Filamu. Amesema, "Niko ndani kwenu. Mashine iko kimya kabisa. Hapa hakuna kitu. Mpira uko wapi?"

Afisa ameweka kalamu chini. Amesema Jumamosi walipopekua walichukua pasi, na wakachukua na mpira, wakidhani mtoto alikuwa akichapwa nao. Viko kwenye stoo ya vielelezo. Nimeuliza stoo iko wapi. Ameonyesha ukuta. Nimeuliza mahabusu ya wanawake iko wapi. Ameonyesha ukuta huo huo.

Anko Filamu anapiga kelele kwenye simu tutoke wote, twende mbali, umbali ndio dawa pekee, tusijaribu kuugusa. Shangazi ameshakimbilia korido anamwita mama kwa jina lake la usichana.

Nimeeleza kweli yote ninayoijua. Sitaki kusomewa maelezo haya tena, nataka mlango wa mama ufunguliwe.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA: Shahidi ameandika mwenyewe, kwa hiari, mbele ya shangazi yake. Ametia sahihi akiwa amesimama. Mahabusu wote wametolewa na kituo kimehamishiwa ng'ambo ya barabara. Mama wa shahidi ametoka akiwa amebebwa na wifi yake, amepelekwa hospitali. Kielelezo hakijaguswa, wataalamu wameitwa. Nathibitisha kwamba aliyeutoa mpira huo nyumbani kwa mshukiwa na kuubeba begani hadi kituoni ni mimi. Bega lilianza kuniwasha leo asubuhi.