Chupa Niliyomletea Talaso

Isiolo, Alhamisi, 1981. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na jua halina huruma. Hata mbuzi wamejibanza nyuma ya maduka.

Shajara yangu, leo sina majigambo. Shangaa basi.

Wewe unanijua. Mimi ndiye Guyo, taniboi, utingo wa lori la mbuzi, kutoka Moyale mpaka Nairobi hakuna kituo hawanijui. Darasa la sita niliingia, ila nilitoka haraka kuliko nilivyoingia. Nikifungua mdomo stendi, hata madereva wananyamaza.

Leo nimekaa kwenye benchi la kliniki ya akina mama, mwanaume peke yangu, kofia imefika puani.

Ugonjwa niliuleta mimi. Niliuokota njiani, katika mambo ya wanawake ambayo stendi nilikuwa nayasimulia kama ushujaa. Mke wangu Talaso, ambaye hata Nanyuki hajafika, ndiye aliyeumia zaidi. Tulitibiwa wote wawili, sindano na vidonge, tukaambiwa umeisha.

Baada ya vidonge akaanza kuwashwa huko chini, na uchafu mweupe mzito ukawa unamtoka. Mimi nikajifanya daktari. Nikamwambia ugonjwa umebaki ndani. Nikamnunulia chupa ya dawa ya kuua viini, ile ya kusugulia sakafu, nikamwambia ajioshe nayo ndani asubuhi na jioni. Akasema inachoma. Nikamjibu ikichoma ndio inafanya kazi.

Akaniamini.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Jana alikuwa anatembea kwa shida. Akafunga nguo zake kwenye shuka, akasema kesho kutwa anapanda gari la kwenda Biliqo kwa mama yake. Hakulia. Afadhali angelia. Nikamwomba twende kwanza hospitali.

Sista wa kliniki, mama mmoja wa Kimeru, alinusa ile chupa tuliyokuja nayo, akanitazama, kisha akamgeukia Talaso kana kwamba mimi sipo.

"Binti yangu, kibuyu cha maziwa unaosha na sabuni?"

"Hapana. Ukitia sabuni maziwa haigandi, inaoza tu. Ile ya kugandisha inakufa."

Sista akasema basi ni hivyo hivyo. Ndani ya mwanamke kuna viini vizuri, walinzi wake. Vile vidonge vikali viliua vibaya na vizuri pamoja, fangasi wakapata nafasi. Halafu mimi na chupa yangu tukamaliza walinzi wachache waliobaki. Akampa dawa ya kuweka ndani, ya kuua fangasi. Aoshe nje tu, kwa maji, ndani asioshe, na huko chini asijifukize moshi. Walinzi watarudi wenyewe, polepole.

Mdomo wangu nao haujui kulala. Nikauliza kwa nini tusimwage huko maziwa ya mgando kidogo, yawe mbegu.

Talaso akacheka. Alinicheka mimi, lakini alicheka.

"Maziwa ni ya kunywa, kijana," sista akasema. "Wewe kazi yako ni kuacha."

Kuacha nini, hakusema mbele ya mke wangu. Alisema tu nikileta ugonjwa mwingine, vidonge vitaanza upya na walinzi watakufa tena.

Tulipofika nyumbani nilimwaga chupa chooni. Mzigo wa Talaso bado uko mlangoni, haujafunguliwa. Ameniwekea kibuyu mbele yangu na kijiti kinachofuka moshi, akaenda kukaa nje. Kwetu kibuyu cha maziwa husafishwa kwa moshi, na kukifukiza ni kazi ya wanawake. Vijana wa stendi wakinipata hapa, nitaitwa Mama Guyo mpaka nizeeke.

Nimefukiza. Machozi yametoka, na nasema ni moshi.

Ameingia, amekinusa, akanirudishia. "Bado. Rudia."

Narudia. Lakini nauliza, mtu anayesafiri kesho kwenda Biliqo, kibuyu cha nyumba hii kinamhusu nini?