Paa Lililong'olewa juu ya Kitanda cha Mgonjwa

KITUO CHA POLISI PENBURY, HEREFORDSHIRE, UINGEREZA
Jumanne, 8 Novemba 1927
Maelezo ya shahidi, mbele ya Sajini E. Pugh

Jina: Thirza Gwilliam, mjane
Umri: miaka 44
Kazi: dobi
Makazi: Nyumba Kuu, kijiji cha Merrow

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Kama napayuka, Sajini anisamehe, nina haraka.

Ninaishi na mama mkwe wangu, Bi Keziah Gwilliam, mwenye miaka 81. Nyumba ni ya Meja Hallam, lakini kwa mkataba wa tangu zamani ni yetu kuishi maadamu Mama yu hai na hajaihama. Akifa, au akienda kulala kwingine, Meja anaichukua. Kijiji kizima kinalijua hilo.

Mnamo mwezi Septemba Meja aliuza paa. Si nyumba, paa! Kenchi za mwaloni za miaka mia tano, eti tajiri mmoja wa Virginia, huko Marekani, anajenga jumba shambani kwake na anataka kula chakula cha jioni chini yake. Dalali wa tajiri huyo, Bwana Farrant, alileta vijana wakaandika namba kwa rangi nyekundu kwenye kila boriti, hata ile iliyo juu ya kitanda cha Mama. Mama akamwambia, "Na mimi niandike namba, baba, usije ukanisahau." Farrant akacheka. Alikuwa anasubiri afe, wala hakuficha. Kila Jumamosi alipita kumjulia hali, akimtazama kama mtu anayebonyeza tunda kuona limeiva.

Jumamosi tarehe 5 Mama alishikwa na homa ya mapafu. Jana daktari alisema tujiandae. Mama alikuwa akikoroma, hajitambui, roho haitoki wala hairudi. Kwetu, mgonjwa akiteseka hivyo huondolewa kigae kimoja juu ya kitanda, roho ipate njia. Leo saa mbili asubuhi nilimwita jirani yetu Amos Beavan, fundi wa paa. Akasita.

"Shemeji, una hakika? Watu hawatoi kigae kwa mchezo."

"Panda, Amos. Mimi nimeshindwa kumwona hivi."

Akapanda, akatoa kigae kimoja. Kimoja tu, naapa. Kisha akaenda kwa miguu kumwita kasisi, parokia ya mbali, na mimi nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Sikuwa nimelala siku tatu. Usingizi ukanichukua.

Kumbe vijana wa Farrant walikuwa barabarani na lori lao. Ni watoto wa hapa hapa Merrow. Walipoona tundu juu ya chumba cha Mama, wakadhani amefariki, wakavua kofia, na mmoja akaenda kumwambia Farrant hotelini. Hawakubisha hata hodi. Waliniambia baadaye kwamba waliona haya kuisumbua maiti.

Nilishtuliwa na kishindo, saa saba na kitu. Nikafungua mlango wa ukumbi, nikaona mbingu. Jamani! Nusu ya paa haipo. Wanaume kama ishirini wako juu, boriti zinateremshwa kwa kamba, na lori la kwanza limeshakwenda stesheni. Nikapiga kelele, "Acheni! Acheni, yu hai!"

Wakavua kofia tena. "Pole, Bi Thirza. Pole sana." Mmoja wao aliniletea kikombe cha chai, na wenzake wakaendelea kung'oa mpaka juu ya chumba cha Mama. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakauka, nao wakaona ni kilio cha msiba tu. Farrant akanishika bega: "Huzuni ni kitu kibaya, bibi. Keti."

Mvua ikaanza. Mara tukasikia kutoka chumbani:

"Thirza! Nani kanifungulia mvua usoni?"

Ilikuwa sauti ya Mama. Wanaume wote waliganda pale pale walipo. Kijana mmoja alishuka ngazi akilia kama mtoto. Tulipoingia tulimkuta Mama amejiinua kwa kiwiko, nywele zimelowa, homa imeshuka. Akamtazama Farrant.

"Wewe, kumbe umeanza bila mimi?"

Farrant alikuwa mweupe kama shuka. Lakini, Sajini, andika hili vizuri: hakuomba radhi. Aliangalia saa yake. Akasema, "Meli inaondoka Alhamisi." Kisha akalainisha sauti. "Bibi, hapa pana baridi. Nikuletee gari ukalale hospitali?"

Mama akamuuliza, "Na mkataba?"

Farrant akaangalia tena saa yake. Mpaka sasa siamini kwamba mtu mwenye mama yake anaweza kusema vile.

Wanaume wameshuka wote, hakuna aliyekubali kupanda tena. Amos amerudi na kasisi, wamefunga turubai juu ya kitanda, lakini upepo unalipeperusha. Kuta ni ndefu na hazina kitu juu. Daktari amekuja, amesema Mama akilala pale usiku huu, atakufa. Nikimhamisha, nyumba imekwenda. Nikimwacha, nyumba imekwenda na yeye pia. Mimi niko radhi kulala njiani. Yeye ndiye aliyekataa. Ameshika nguzo ya kitanda, anasema hatoki.

Sitaki fidia. Nataka lile paa lizuiwe stesheni, na nataka sasa hivi, si kesho.

Nimesomewa maneno haya nami nakiri ndivyo nilivyosema. Naomba niende.

Sahihi: T. Gwilliam

Maelezo ya ofisa: Yameandikwa nami saa kumi jioni. Shahidi alisimama mara nne akitaka kuondoka. Nilipiga simu stesheni. Behewa lilikuwa limeshaondoka kwenda bandarini. Nilifuatana na shahidi hadi Merrow. Nimemkuta Bi Keziah Gwilliam yu hai. Nimemtaka ahame, kwa usalama wake, amekataa. Koti langu la kazi nimeliacha kwake.

E. Pugh, Sajini