Jepkoech Amesema Hayuko Sawa

Kabazi, Subukia,
14 Septemba 2025.

Mpendwa mwanangu Kiplimo,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini joto la Doha halijakumaliza, na kwamba unakula chakula, si chai na mkate tu. Huku mvua imekuwa nzuri na mahindi yamesimama. Siku zote huandika kwamba sote ni wazima, lakini leo sitaandika hivyo.

Uliniuliza kwa simu kama mkeo amekuwa mvivu, na kama umrudishe kwao mpaka utakapokuja. Nilikata simu kwa hasira. Sasa nakujibu, kaa chini usome.

Tangu Jepkoech amzae Cherop, anavaa sweta jua likiwaka, nywele zinabaki kwenye kitana, na husinzia akikama. Hospitali walimpima tezi ya shingoni wakasema iko sawa. Basi watu wakapata la kusema, nawe ukalisikia huko huko mbali.

Jumanne nilimsindikiza mwenyewe. Daktari alipomuuliza anaendeleaje, akajibu, "Mzuri tu, daktari." Unajua alivyolelewa, hajui kulalamika. Nilimkanyaga mguu chini ya meza! Daktari akasema kipimo kimerudi vizuri tena, akaanza kuandika dawa za kuongeza damu.

Ndipo mkeo akavuta kiti mbele. "Daktari, hiyo ilikuwa salamu tu. Siko sawa. Nilitoka damu mingi sana nikijifungua, maziwa ikakataa kutoka, na mwili haijawahi kurudi. Mmepima kitu moja tu. Si kuna kipimo ya homoni yenyewe? Tafadhali, nipimeni yote."

Wala hakuangalia chini. Nilimwonea fahari mpaka nikaona haya.

Daktari hakukasirika. Alimuuliza sana kuhusu ile damu, akaagiza kipimo cha T4, yaani homoni yenyewe ya tezi, na vingine. Majibu yametoka: homoni iko chini kabisa, ingawa kile kipimo cha kwanza kilionekana sawa. Anashuku kuwa damu iliyopotea iliumiza tezi ndogo ya kichwani inayoiamrisha hii ya shingoni. Wiki ijayo tunaenda Nakuru kwa bingwa wa homoni kabla ya kuanza dawa. Amesema inatibika.

Kwa hiyo mkeo harudi kwao. Ukimpigia, muulize hali yake kisha ungoje jibu. Akisema hayuko sawa, jua amekuheshimu.

Baba yako na dada yako Jepkemei wanakusalimu. Cherop ameota meno mawili na anang'ata kila mtu. Mungu akulinde kazini na akurudishe kwetu salama.

Nami goti linaniuma vibaya. Nyumba hii siku hizi tunasema.

Mama yako akupendaye,
Linah