Kalunguyeye Mstarini

Jumanne, Julai 1974

Somo langu mwenyewe! Mwalimu mkuu amelichukua akawachapa nalo watoto.

Wiki iliyopita nilimweleza, kwa furaha ya kijinga ya mwalimu wa sayansi, kwa nini kalunguyeye wangu hali wala haamki tangu baridi ya Mlima Hanang ishuke. Nilimwambia mwili wake unapoa mpaka unafanana na boksi alimolala, moyo unapiga polepole, na seli zake zinaacha sukari, zinachoma mafuta kidogo kidogo, kama kaa lililofukiwa majivuni. Akatikisa kichwa kukubali. Nilidhani anajifunza.

Leo asubuhi, mstarini, akamwinua yule mnyama juu kama kombe la mpira. "Huyu hajala wiki tatu, na ni mzima! Ninyi mnalilia uji?" Uji wa asubuhi umefutwa. Kisha akawapeleka shamba la ujamaa, walime mpaka saa sita.

Saa nne Paskalina wa darasa la saba akaanguka, jembe mkononi. Nilipomshika alikuwa anatetemeka. Anatetemeka! Mwili wake ulikuwa unachoma kila kilichobaki ili usipoe. Mtu hawezi kuufukia moto wake, mwalimu mkuu, mpumbavu wewe. Na kalunguyeye akifunga, hapewi jembe.

Sentensi hiyo moja ingetosha pale mstarini. Ilinifika mdomoni kabisa. Nikaimeza, kwa sababu

Kwa sababu mimi nilikuwa nimeshakunywa chai.