Mama Yumo Kwenye Kadi ya Tumbaku

Dada Otilia,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifunza kwamba mdogo hafungui mdomo kabla ya salamu, hata kama amekasirika. Na mimi nimekasirika. Nimekasirika tangu siku ya kuanua tanga, na sina pa kugombana nawe isipokuwa kwenye karatasi hii.

Nianze na ya nyumbani. Mvua zimeanza na shamba sijaligusa. Cherehani yako nimeifunika kitenge. Wateja bado wanapiga hodi, wengine hawajasikia, na kila mara inanibidi niseme upya kwamba umefariki. Watu wa jumuiya walikuja kusali, nikakaa nao nikiwatazama midomo tu. Chakula hakipiti. Sikuandikii ili nikusikitishe, nakuandikia kwa sababu nimechoka.

Siku ile ya tanga ndugu waligawana vitu vyako kama ilivyo desturi. Vitenge vilikwisha upesi, sufuria kubwa likachukuliwa na ndugu wa Hanga. Kopo la kadi halikutakiwa na mtu. Shangazi Filotea, aliyetoka Lusewa kwa ajili ya msiba, alilifungua akashangaa: "Sasa makaratasi yote haya ya nini?" Nikamweleza kwamba ni kadi za posta za zamani, picha za watu wakiwa kazini kwenye miji midogo: wapasua mbao, wachoma matofali, wasokota kamba, mafundi viatu wa misheni. Nikamwambia ulizikusanya maisha yako yote. Halafu nikaitoa ile ya chini kabisa, ya wanawake wanaochambua tumbaku ghalani hapa Songea, nikamuuliza lile swali ambalo wewe uligoma kunijibu mpaka umeondoka. Mama ni yupi hapa?

Alivaa miwani, akaisogeza kadi dirishani. "Mwanangu, mama yako ghala la tumbaku aliliona lini? Alikuja mjini, hakufanya kazi yoyote, akarudi Lusewa kukuzaa wewe, akafia kulekule. Na hili ghala la nyasi lilishabomolewa hata baba yenu hajamposa. Hawa siwajui, hata mmoja."

Nilitaka kucheka. Nikamnyang'anya kadi, nikatoka nje.

Dada, ulinidanganya. Yule wa kilemba cheupe, anayecheka peke yake wakati wenzake wamenuna, ndiye niliyemchagua tangu nikiwa mtoto. Sikukuambia, lakini nadhani ulijua. Nilimweleza nilipofaulu, nilipoolewa, nilipoachika. Kila Siku ya Marehemu Wote nilimwombea yeye, kwa sura ile. Nimemlilia mama wa watu miaka yote hii. Wa kwangu hana picha popote, na sasa hata wa kuniambia alifananaje hayupo, maana shangazi naye anasema tu alikuwa mweusi na mpole. Uliniambia, "Mtafute mwenyewe, damu itakuonyesha." Damu haikunionyesha kitu.

Nakumbuka ilivyoanza. Baba alikuwa ameshahamia Namasakata kwa mke mwingine, tumebaki na bibi. Nilirudi kutoka shule nalia kwa sababu wenzangu walisema mimi sikuzaliwa, niliokotwa. Wewe ulikuwa msichana tu, unajifunza kushona kwa masista, na sista mmoja mzee alikuwa amekupa ile kadi kama shukrani, ulipompindia vitambaa vya altare. Ukanivuta, ukanifuta kamasi, ukasema, "Nyamaza. Mama yumo humu." Nikanyamaza palepale.

Nilipochoka kuitazama ileile, ukaleta ya wapasua mbao. "Labda alipita na hapa," ukasema. Halafu ikaja ya matofali. Halafu ukaanza kumwagiza kila aendaye Mbinga, Tunduru, hata Lindi: "Ukikuta kadi ya zamani yenye watu kazini, niletee." Wakakuletea za tembo na milima, ukawarudishia. "Tembo hafanyi kazi," uliwaambia, ukiwa umenuna kabisa. Mtaa mzima ulikucheka, mwanamke anakusanya picha za viwanda badala ya vyombo vya kabatini. Hata mimi nilicheka. Niliamini ni mapenzi yako tu. Kumbe kila kadi ulinitafutia mimi, nipate mahali pengine pa kumtafuta mama ambaye ulijua hayupo.

Juzi asubuhi niliwasha jiko la mkaa, nikalileta kopo jikoni. Nilikusudia kuzichoma zote, nikianza na hiyo ya tumbaku. Nilitaka na wewe ikuume, huko uliko. Nikaishika kwenye kona ili niitupe, na kidole gumba changu kikatua juu ya lile doa.

Doa unalijua. Wewe uliyenilazimisha kunawa kwa sabuni na kujifuta kwa taulo kabla ya kugusa kadi yoyote! "Mafuta ya mkono yanakula picha." Kadi zote ni safi. Hiyo moja tu ina doa la kahawia pembeni, la mafuta ya cherehani, na ukiielekeza kwenye mwanga unaiona mistari ya kidole. Ni kidole chako. Hukuniachia kadi ile mkononi hata siku moja. Ulikuwa unatoka kushona, umechoka, hujanawa, unanipakata na kunishikia, jioni baada ya jioni, mpaka nisinzie. Nilikagua nyuso zote, na gumba lako lilikuwa palepale pembeni, na mimi silitazami.

Nikawakumbuka wale waliokuja kukuposa kutoka Mbinga. Bibi alishapika. Ukawaambia, "Mimi nina mtoto," wakaaga wakaenda zao. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, nikidhani umewatania. Hukucheka.

Nimezirudisha kadi kwenye kopo. Lakini usidhani nimepona. Nilikaa sakafuni hadi mkaa ukapoa, na hata sasa ninavyoandika sioni vizuri. Ni afadhali ningebaki na yule wa kilemba nisiyemjua, maana huyo nilishamzoea. Sasa nimempata niliyekuwa namtafuta, na nilishamzika. Nilimtupia udongo kwa mkono wangu huu, huku namwita dada.

Fundi anayechonga msalaba wako ananidai maneno. Nilikuwa nimempa "Dada yetu mpendwa". Kesho nitapita kwake kumwambia abadilishe, aandike Mama. Shangazi atauliza, maana wewe hukuzaa, na watu wa mtaani watauliza pia. Nitawaonyesha doa. Wakielewa sawa, wasipoelewa basi.

Kadi sitazichoma wala kuzigawa. Na hiyo ya tumbaku nitakuwa naitoa jioni, naishika kwa kona ileile, bila kunawa.

Kwaheri, Mama.

Mwanao,
Kandida