Bakuli Moja Ndani ya Mtumbwi

Karungu,
9 Mei 1964

Ndugu yangu Hemed,

Nakusalimu kutoka huku ufuoni mwa ziwa, nikitumaini homa imekuachia na shemeji Mwanarusi sasa anakuruhusu kuonja kitu zaidi ya uji. Mimi mzima, ila viganja vimechubuka na mabega hayataki kuinuka, ndiyo maana mwandiko wangu umelegea hivi.

Ulipougua huko Homa Bay ukashindwa kunisindikiza kwa kina Awino kuomba uchumba, nilitaka kuahirisha. Unajua nilivyoogopa. Baba yake ni marehemu, neno la mwisho ni la mama yake, na kila mtu aliniambia kwamba mama huyo hatampa mtu wa milimani binti yake. Lakini nilikuwa nimeahidi, nikaenda peke yangu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, kwa hiyo pale Macalder nikapanda mtumbwi wa Nicanor unaoteremka Mto Kuja.

Hemed, mimi mtoto wa Kisii sikuwa nimewahi kukalia mtumbwi. Nicanor alisimama nyuma na upondo wake. Mbele yangu, goti kwa goti, alikaa mama mmoja aliyetoka sokoni. Alinipa kasia, akacheka nilipomrushia maji kichwani, akaniambia niache kupigana na mto. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeshika mwendo. Tuliwapita viboko, tukakwama kwenye mchanga, tukashuka kusukuma, na ile suruali yako ya Idi ikalowa hadi kiunoni. Nilichoka, lakini sijafurahi hivyo siku nyingi. Njaa ilipouma mama yule akafungua nyoyo, yale mahindi na maharage ya kuchemsha, tukala bakuli moja. Nikamwambia yote: Awino, hofu yangu, na mama mkali niliyekuwa naenda kumkabili. Akaniuliza kama nina mkono mwepesi wa kupiga, na kama Awino ataruhusiwa kurudi kumwona mama yake. Nikamjibu bila kujipamba. Nicanor alikuwa anakohoa tu.

Tulipofika, Awino alikuwa anangoja ufukweni. Akampokea yule mama mzigo, akamwita Mama.

Kwenu pwani mkwe hunywa chai na mama mkwe. Kwetu, na kwa Wajaluo kama kina Awino vilevile, mkwe hali chakula naye wala hamkaribii, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Mimi nilikuwa nimemlowesha kichwa na kumaliza maharage yake. Nikajiona nimekwisha, nikamwambia Awino kwamba narudi na Nicanor. Mama yake akasema nilale kwa jirani. Akaongeza kwamba alichokula mtoni alikula na abiria, na jibu kwa mkwe bado hajalitoa.

Leo asubuhi nilikutana naye kwenye njia ya kisimani. Aliponiona akajifunika leso usoni, akaacha njia, akajibanza kichakani mpaka nikapita. Abiria hapishwi hivyo, Hemed. Nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Pona haraka, maana wajomba wa Awino wanatutaka wote wawili. Shemeji na watoto nawasalimu sana. Suruali nitaifua mwenyewe.

Nduguyo aliyekimbiwa akafurahi,
Kerosi